Tunaona kipawa, ao tunaona mtoto?



Leo tuketi pamoja juu ya swali moja ambalo halijibiwi kwa haraka. Tuseme katika lupango fulani kuna mtoto wa miaka mitano. Hasemi. Hatazami mtu machoni. Ngoma ikipigwa anaziba masikio na kukimbia. Siku moja anaokota kipande cha makala karibu na mbabula, anachora ukutani jogoo mzima, mwenye kilemba na makucha, na shingo imenyooka kana kwamba anataka kuwika. Watu wa lupango wanakusanyika. Mmoja anasema: mtoto huyu ana kitu ndani yake, si bure. Mwingine anasema: hapana, huu ni muujiza, tumpeleke mbele ya kusanyiko watu wote waone.

Wale wawili wanafikiri wanabishana. Sisi tunaona ya kwamba wamesema neno lilelile. Wote wawili wameona nguvu fulani inayokaa ndani ya mtoto. Mmoja anaiogopa, mwingine anaishangilia. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemwona. Neno hilo ndilo tunalotaka kulieleza, na tunaomba mtuvumilie tukienda mbali kidogo kutafuta mifano, kwa sababu habari za watu hao zimeandikwa na zinajulikana, nazo zitatusaidia kuwaona watoto wa kwetu.

Kwanza tujue tunasema habari ya nani. Hali hiyo inaitwa usonji; waliosoma Kifaransa wanasema otisimu. Daktari mmoja, Leo Kanner, aliyefanya kazi katika mji wa Baltimore kule Marekani, aliandika juu yake mwaka 1943, akaeleza habari za watoto 11 aliowachunguza. Si yeye aliyeileta. Watoto wa namna hiyo walikuwapo tangu zamani, ila hali yao haikuwa na jina. Si wazimu. Haiambukizi kwa kikombe wala kwa sahani. Si malipo ya dhambi ya mama, wala si kazi ya shangazi aliyenyimwa mahari. Ni namna akili ya mtu ilivyofanyika tangu mwanzo wa maisha yake. Mmoja hatasema neno hata moja mpaka uzee. Mwingine anasema sana, lakini juu ya jambo moja tu, treni ao saa ao mvua. Kelele ambayo wewe huisikii, yeye inamchoma masikio. Mkibadili njia ya kwenda sokoni, anaweza kulia siku nzima. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiri ya kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Basi kila mmoja ahesabu watu wa kartie yake. Jambo hili si la wazungu peke yao. Kule kwao daktari ndiye anayempa mtoto jina la hali yake, na huku kwetu mara nyingi jina linatolewa na jirani.

Na jina la jirani tunalijua sote: mlozi. Tangu miaka ya 1990 watoto wengi katika miji mikubwa ya inchi yetu wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, na kati yao wamo wenye kifafa, wenye kigugumizi, viwete, na hao wasiosema. Wengine wamefungiwa katika nyumba za maombi bila chakula wala maji, na watu wakaita jambo hilo kufunga, ingawa anayefunga kweli ni mtu aliyechagua mwenyewe. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Hatutaendelea sana na sehemu hii. Ni jambo lililokwisha kuamuliwa, na mwenye masikio amesikia. Shida yetu ya leo ni ile shangwe. Kwa sababu shangwe inafanana na upendo, na mtu anaweza kukaa ndani yake miaka mingi bila kujua ya kwamba hapendi.

Mwaka 1967, katika mji wa Nottingham kule Uingereza, alizaliwa mtoto mwanamke aliyeitwa Nadia. Wazazi wake walitoka Ukraine. Nadia alikuwa na usonji, na maneno yake yalikuwa machache sana. Lakini akiwa na miaka mitatu na nusu hivi alianza kuchora. Hakuchora kama watoto wanavyochora, kichwa cha mviringo na miguu miwili kama vijiti. Alishika biki na kuchora farasi anayekimbia, amemgeukia mtazamaji, kifua mbele, miguu ya nyuma ikionekana mifupi kwa kuwa iko mbali. Jambo hilo wachoraji wakubwa wanajifunza kwa miaka. Yeye hakuna aliyemfundisha. Aliangalia picha katika kitabu cha watoto, akaiacha, na siku nyingine akaitoa kichwani mwake na kuigeuza upande autakao. Karatasi ikiisha kabla ya farasi kuisha, hakujali. Kichwa kilikatwa pale penye ukingo.

Mtaalamu mmoja wa saikolojia, Lorna Selfe, alimchunguza na kuandika kitabu juu yake mwaka 1977. Watu wakashangaa kila mahali. Mwaka 1998 msomi mwingine, Nicholas Humphrey, aliziweka picha za Nadia kando ya picha za wanyama zilizochorwa katika pango la Chauvet kule Ufaransa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, akaonyesha namna zinavyofanana, na akauliza kama watu wale wa pangoni walikuwa na lugha kama yetu ao hapana. Ni swali zuri, lakini si letu leo.

Letu ni hili. Nadia alipelekwa shule ya watoto wenye usonji, akasaidiwa kusema. Akajifunza maneno kidogo kidogo. Na wakati huohuo picha zikaanza kupungua. Farasi wale wakatoweka. Wengine wanasema maneno ndiyo yaliyozifukuza picha. Wengine wanakumbusha ya kwamba mama yake alikufa yeye akiwa bado mtoto, na kwamba huzuni nayo ina nguvu zake. Kwa vyovyote, Nadia alikua akawa mwanamke mzima, akakaa katika nyumba ya kutunza watu wasioweza kujitegemea, naye hakuchora tena. Alikufa mwaka 2015.

Wako watu waliosoma habari hiyo na kuona uchungu. Walisema: tazama hasara! Wamechukua kipawa kikubwa namna hii, wakampa badala yake maneno machache ya kuomba chai. Bila shaka na kati yetu, tunaposoma hapa, wako wanaofikiri hivyo. Tuwaulize kwa upole: hasara ya nani? Hasara ya sisi tuliotaka kuendelea kutazama farasi. Nadia wa miaka 40, aliyekula chakula chake cha jioni bila kuchora kitu, je, alikuwa mtu pungufu kuliko Nadia wa miaka mitano? Tukisema ndiyo, tumekiri ya kwamba tulikuwa hatumpendi Nadia. Tulipenda farasi wake, naye alikuwa mti tu unaozaa maembe. Na mti usiozaa, watu wa lupango wanafanya nini nao? Wanaukata kwa makala.

Lakini tuangalie tusianguke upande wa pili wa barabara. Mtu anaweza kusema: basi kipawa si kitu, tumpe mtoto bukari yake, tumwogeshe, tumvishe, yatosha. Hapana, haitoshi hata kidogo. Kama kuchora kulikuwa ndiyo njia ya Nadia ya kusema, basi anayedharau picha anaziba kinywa. Lorna Selfe mwenyewe aliziheshimu picha zile kuliko watu wengi. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika ya kwamba maneno yaliziua, wala ya kwamba ingefaa kumnyima maneno kusudi sisi tubaki na picha. Wazazi wenye akili wangechagua kumsaidia kusema. Na sisi tungechagua hivyo. Tungeomba jambo moja tu zaidi: biki ibaki mezani, siku zote, hata kama haishikwi tena.

Sasa tumtazame mwingine, kwa sababu habari yake ilikwenda njia nyingine. Stephen Wiltshire alizaliwa London mwaka 1974. Baba yake alitoka kisiwa cha Barbados, mama yake kisiwa cha Saint Lucia. Maana yake ni mjukuu wa Waafrika wale waliovushwa bahari kwa minyororo. Akiwa na miaka mitatu madaktari walisema ana usonji, na karibu na wakati huohuo baba yake akafa katika ajali ya pikipiki. Mtoto alikuwa hasemi. Shuleni walimu waliona ya kwamba anapenda kitu kimoja tu, kuchora: kwanza wanyama, halafu mabasi, halafu nyumba ndefu za mji.

Basi walimu walifanya jambo ambalo limetufikirisha sana. Walimwondolea vifaa vya kuchorea kwa muda, kusudi alazimike kuomba. Mtoto akahangaika, akatoa sauti, na mwisho neno likatoka. Neno lake la kwanza lilikuwa «karatasi».

Wapendwa, tungekuwa tunaisimulia habari hii kwa mdomo, mngepiga makofi hapa. Na kweli, walimu wale walimtakia mema, na matunda yalionekana: akiwa na miaka tisa hivi alikuwa anasema vizuri. Lakini tuipime. Kumnyang'anya mtoto kitu pekee anachokipenda, ukangoja alie mpaka aseme, ni dawa kali. Tunaona inaweza kuruhusiwa kwa mtu anayemjua mtoto, kwa muda mfupi, naye yuko tayari kukirudisha hata kama neno halikuja. Ikigeuka kuwa desturi, leo karatasi, kesho chakula, keshokutwa mlango, tumerudi kulekule kwenye chumba cha kufungiwa, ila safari hii tumevaa koti jeupe. Tena tusikilize neno lenyewe. Hakusema mama, hakusema mkate. Aliomba kile anachosemea. Kumbe alikuwa anasema siku zote, na watu wazima waliomzunguka ndio waliokuwa hawajapata masikio.

Mwaka 1987 televisheni ya Uingereza ilimwonyesha, naye alikuwa bado kijana mdogo, na mjuzi mkubwa wa majengo, Hugh Casson, akamsifu sana. Vitabu vya picha zake vikatoka. Baadaye alisoma katika shule ya sanaa ya London. Mwaka 2005 alipandishwa katika helikopta juu ya mji wa Tokyo, akautazama kwa muda mfupi, akashuka, na kwa siku chache akauchora mji wote kwa kichwa tu katika kitambaa cha metre 10. Mwaka 2006 Malkia wa Uingereza alimpa nishani, na mwaka huohuo akafungua nyumba yake mwenyewe ya kuonyesha na kuuza picha, katikati ya London. Dada yake Annette amesimama naye katika kazi hiyo. Anakula kwa jasho lake.

Watu wengi wamezoea kumwita kamera inayotembea. Wanadhani ni sifa. Lakini kamera haipendi kitu. Stephen anapenda magari ya zamani ya Marekani, anapenda majumba yanayogusa mawingu, anapenda muziki. Anachagua mji gani na asimame upande gani. Kumwita kamera ni namna nyingine ya kusema «ana kitu ndani yake». Na hapo ndipo tunaporudi kwenye lile la mwanzo: anayeita mlozi na anayeita muujiza wanakutana katika nyumba moja. Kwa wote wawili, mtoto ni chombo tu. Na chombo hakiulizwi kama kimechoka.

Kuna hatari nyingine tena. Watu wengi kabisa wenye usonji hawachori miji kwa kichwa. Wengine hawapendi kuchora kabisa. Tukiisha kuwazoesha watu hadithi za Stephen, mama mwenye mtoto asiyesema na asiyechora atarudi nyumbani na mzigo mara mbili: jirani amemnyima heshima kwa sababu mtoto hasemi, na sasa sisi tumemnyima kwa sababu mtoto hana kipawa. Afadhali tusingesimulia.

Kwa hiyo tunapenda pia habari ya Jessica Park, wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1958. Mama yake, Clara Claiborne Park, aliandika kitabu juu yake mwaka 1967, wakati ambapo madaktari wengi walikuwa bado wanawalaumu mama wa watoto hao kwamba hawana mapenzi. Jessica alikua, akachora nyumba kwa rangi ambazo hakuna nyumba inazo, na juu yake anga yenye nyota zikiwa mahali pake halisi. Watu walinunua. Lakini yeye pia alifanya kazi miaka mingi ya kupanga barua katika chuo kimoja, akaenda kazini kama wenzake. Mchoraji na mpanga barua, mtu mmoja, na hakuna aliyeona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Na sasa tufike kwa yule aliyetufanya tuandike makala haya. Nnena Kalu alizaliwa Glasgow mwaka 1966; wazazi wake ni wa Nigeria. Ana usonji, na maneno yake ni machache sana mpaka leo. Tangu mwaka 1999 amefanya kazi katika karakana ya chama kiitwacho ActionSpace huko London, ambacho kinawapa wasanii wenye ulemavu wa akili mahali na vifaa. Yeye hachori farasi wala miji. Anachukua kitambaa, plastiki, karatasi, kamba, utepe wa kunata, anafunga na kufunga na kufunga tena, mpaka vinakuwa vitu vikubwa vinavyoning'inia kama viota. Ao anachora miviringo mikubwa, mkono unazunguka bila kuchoka, mara nyingi picha mbili zinazofanana kando kwa kando. Mwezi wa Desemba 2025, katika mji wa Bradford, alipewa Turner Prize, ambayo ni tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza tangu mwaka 1984, pamoja na pauni 25,000. Ni mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa namna hiyo kuipata.

Kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni hesabu ya miaka: kutoka 1999 mpaka 2025. Mwanamke mmoja, Charlotte Hollinshead, amekuwa kando yake muda huo wote. Hakumfundisha atengeneze nini. Alimtafutia nafasi, akamletea vifaa, akasaidia kuvipandisha mahali pa juu, akangoja. Miaka zaidi ya 25 ya kuleta kamba na kungoja! Sisi tunaoweka mtoto katika maombi ya siku tatu na kutaka majibu siku ya nne, tuutazame uvumilivu huo.

La pili ni gumu zaidi. Siku ile ya tuzo, msaidizi huyo ndiye aliyesema mbele ya watu. Nani anamsemea asiyesema? Sisi ni watu wa manabii. Tunajua kuliko wengine hatari ya mdomo unaosema kwa ajili ya mwingine. Mtu anaweza kusimama mbele ya picha ya mtoto asiyesema na kutangaza: hapa anaona malaika, hapa anaona vita, hapa anamwona adui wa familia yake. Na mtoto hana namna ya kusema «sivyo». Msaidizi mwema anajulikana hapa: anasimulia kazi, anasimulia namna mtu huyo alivyozuiliwa na kudharauliwa, lakini hajazi tafsiri yake ndani ya kinywa kisichoweza kumkanusha. Miviringo ya Nnena Kalu ina maana gani? Ni miviringo yake. Anarudi kwayo kila siku kwa furaha inayoonekana mkononi, na hiyo ni habari ya kutosha.

Watasema wengine: hayo ni ya London, kwetu picha haileti hata sabuni. Tuwakumbushe ya kwetu. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga, na Bela, aliyeacha burashi na kupaka rangi kwa vidole. Hawakulazimishwa kunakili picha za Ulaya. Kila mmoja aliachwa na mkono wake. Na katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa Katanga zilikuwa na picha ukutani, zilizonunuliwa kwa wachoraji wa mjini waliolisha watoto wao kwa rangi. Hatusemi ya kwamba hao walikuwa na usonji. Tunasema ya kwamba inchi hii haikuanza jana kujua kuwa mkono unaopaka rangi ni mkono unaofanya kazi.

Basi nyumbani kwenu, mama, baba, kama yupo mtoto wa namna hiyo. Karatasi ni ghali, tunajua. Mfuko wa simenti ukiisha, ufungue, upanguse, upande wa ndani ni safi. Kalenda ya mwaka uliopita ina mgongo mweupe. Makala yapo, udongo mwekundu upo, mchanga wa mlangoni upo. Msimsahihishe mkisema jua si la bluu. Msimkalie juu ya bega. Akichora jambo moja mara mia, ni mara mia. Ninyi wenyewe mnaimba wimbo mmoja kila Jumapili.

Mtu akitaka kununua picha, mwulizeni mtoto kwanza. Mtauliza namna gani asiyesema? Wekeni picha mkononi mwa mnunuzi, mtoto akiwa anaona. Akiivuta irudi, amejibu, na biashara imekwisha, hata kama ni franka nyingi. Akiacha iende, jina lake liandikwe chini ya picha, na franka ziandikwe katika daftari lake, zinunue viatu vyake na rangi zake. Mjomba asije na mahesabu.

Na kusanyikoni, wazee, tunaomba asipandishwe mbele kuwa ushuhuda. Fanfare inamuumiza; akikaa nje chini ya mwembe na dada mmoja kando yake, amekuja ibadani kama sisi. Watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kukaa naye wakichora, bila kuambiwa wamtazame.

Wengine wao hawatachora. Mmoja atapanga vizibo vya chupa kwa mstari kutoka mlangoni mpaka kisimani, vyekundu, halafu vya kijani, halafu vyekundu tena, kwa saa nzima, na atachungulia kila kimoja kama kiko sawa. Ukipita pale na ndoo yako, zunguka.